Land Cruiser Mkonga ya 1HZ ikisumbua, angalia haya kabla fundi hajashusha pampu

Hii ni kwa dereva na mwenye gari wa Land Cruiser za 70 (tunaziita Mkonga kwa lile bomba la kuvutia hewa lililopanda juu), yani hadtopu ndefu ya 78 na pikapu ya 79, zenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita cc 4,164 isiyo na turbo. Ndo gari za ambulensi huko wilayani, ndo za polisi, za miradi, na zile zilizokatwa zikarefushwa za kubebea wageni Serengeti na Ngorongoro nyingi ni hizi hizi. Injini ipo toka 1990 na kila mji una mtu anayejua kuifungua, na hapo ndo shida inapoanzia, maana ikisumbua kidogo tu watu wanakimbilia kufungua. Pampu inashushwa, nozeli za kupulizia dizeli zinachomolewa zote sita, hata hedi inanyanyuliwa, alafu mwisho unakuta ulikuwa mpira wa dizeli umechanika sehemu ya klipu, kitu cha hela ndogo kabisa.

Msimamo wangu ni mmoja. 1HZ haina kompyuta ya kukuchanganya, inataka dizeli safi isiyo na hewa ndani yake, inataka hewa safi ya kutosha, maji yanayozunguka, na umeme wa kuwashia, basi. Ukifuata njia ya kila kimoja toka kinapoanzia mpaka kinapofikia, kwa macho na mikono yako, mara nyingi tatizo unalikuta njiani kabla hujafika kwenye vitu vya hela nyingi. Fundi akikwambia "bosi, pampu imekufa hii", muulize kwa heshima tu, "fundi wangu, umeona dizeli inafika kwenye pampu bila mapovu?" Kama hajaona, bado hamjafika kwenye pampu.

Inagoma kuwaka

Kwanza tenganisha, stata haizungushi, au inazungusha ila injini haishiki. Ni magonjwa mawili tofauti kabisa na nashangaa watu wanayatibu kwa pamoja.

Kama stata haizungushi, unapiga ufunguo unasikia "tak" moja alafu kimya, usinunue betri bado. Washa taa kubwa alafu piga ufunguo. Taa zikizimika kabisa au zikawa hafifu sana, umeme haufiki vizuri, cheki teminali za betri (fungua, sugua mpaka ing'ae, kaza), cheki waya wa ethi unapofungwa kwenye injini na kwenye chesisi, pale panaliwa na kutu na tope bila mtu kuona. Taa zikibaki vile vile na bado ni "tak" tu, hapo mara nyingi ni zile kopa mbili za ndani ya solenoidi ya stata zimelika upande, zinabadilishwa peke yake bila kununua stata nzima. Mtu akitaka kukuuzia stata nzima muombe akufungulie kile kifuniko cha nyuma uone kopa zenyewe. Na betri za gari hizi haziuliwi na uzee tu, zinauliwa na rafu rodi, kile kipande cha Serengeti cha kutoka Naabi Hill kwenda Seronera chenye vituta vidogo vidogo mfululizo kinalegeza betri kwenye kitako chake, inacheza, plati za ndani zinavunjika. Kaza kitako cha betri kila servisi.

Sasa stata inazungusha vizuri ila haishiki. Tuma mtu apige stata wewe ukae nyuma uangalie sailensa. Hautoki moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Unatoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, dizeli inafika ila haiungui. Hicho kitu kidogo tu kinakuokolea nusu siku.

Kama hautoki moshi, anza na umeme wa pampu. Juu ya pampu kuna solenoidi ndogo yenye waya mmoja, ndo inayofungulia dizeli ukiwasha na kuikata ukizima. Fungua ufunguo bila kupiga stata, mtu ashike ile solenoidi kwa vidole, lazima asikie "tik". Hamna tik, pima na testa kama umeme unafika kwenye ule waya. Haufiki, tafuta fyuzi au waya uliokatika, na njiani porini unaweza kuvuta waya toka betri mpaka pale gari ikawaka ukafika mjini (kuzima sasa ni kuchomoa ule waya, na hakikisha gari yako ni ya volti 12 kweli maana kuna za 24). Umeme unafika ila hamna tik, solenoidi yenyewe imekufa.

Solenoidi ikiwa nzima nenda kwenye hewa, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo ugonjwa namba moja wa gari hizi. 1HZ haina pampu ya kusukuma dizeli toka tankini, ile pampu kubwa ndo inanyonya yenyewe kwa nguvu zake, kuanzia tenki, kupita chini ya gari, kupita filta, mpaka kwenye injini. Maana yake njia yote ile ipo kwenye mvuto. Kwenye mvuto ufa mdogo hautoi dizeli nje, unaingiza hewa ndani. Ndo maana mtu anakagua gari chini anasema hakuna linapovuja, na kweli hakuna linapovuja, ila linavuta hewa. Dalili yake inajulikana, gari inawaka vizuri mchana, ikilala usiku asubuhi inazungusha wee mpaka betri inachoka, alafu inashika kwa kumisi, inatulia, na siku nzima inaenda bila tatizo. Usiku dizeli inarudi tankini taratibu na nafasi yake inachukuliwa na hewa.

Juu ya kichwa cha filta kuna pampu ya mkono. Ibonyeze kabla ya kupiga stata asubuhi. Ikiwa laini laini alafu baada ya kubonyeza sana inakuwa ngumu na gari inawaka mara moja, jibu umepata, ni hewa. Ukibonyeza na haigeuki ngumu hata siku moja, ama tenki kavu ama hewa inaingia nyingi ama vali za pampu yenyewe ya mkono zimechoka. Hiyo pampu ya mkono yenyewe ni mshukiwa mkubwa, mpira wake wa ndani unachanika na unavuta hewa pale pale juu ya filta.

Kupata hewa inapoingilia usibahatishe. Tafuta mpira wa plastiki unaoona ndani, ufunge kati ya filta na pampu, washa, angalia. Mapovu yakipita mfululizo, tatizo lipo kwenye filta au nyuma yake. Hatua ya pili, chukua dumu safi la dizeli, liweke juu karibu na injini, toa ule mpira unaotoka tenki uchovye mpira mwingine kutoka kwenye dumu mpaka kwenye filta. Mapovu yakiisha, kosa lipo kati ya tenki na filta, ingia chini ya gari kagua kila ungio, na kama una tenki mbili angalia sana vali ya kubadilisha tenki. Mapovu yakiendelea, kosa lipo kwenye kichwa cha filta au pampu ya mkono. Mipira mizee badilisha yote kwa pamoja, sio kukata kipande kipande, na klipu ziwe zile za kukaza kwa bisibisi, waya wa kufungia unakaza sehemu moja na kulegeza nyingine.

Kitu kimoja kuhusu pampu, zile bolti mbili za kuingiza na kutoa dizeli zinafanana kwa nje lakini ya kutoa imeandikwa OUT na ndani ina tundu dogo sana. Zikibadilishwa nafasi gari itasumbua na hutajua kwa nini, kwa hiyo mtu akigusa pale angalia anarudisha ipi wapi.

Kama unatoka moshi mweupe na haishiki, hasa kwenye baridi, cheki hita plagi, vile vipasha joto vya silinda. Dar es Salaam injini nzima inaweza kuwaka bila hata moja, ila lala na gari kwenye ukingo wa Ngorongoro kule juu kama mita 2,300, asubuhi ndo utajua zipi zimekufa. Toa ile bati ya shaba inayoziunganisha juu, pima moja moja kwa mita, iliyokufa haipitishi umeme kabisa. Zikiwa zote nzima pima kama umeme unafika kwenye ile bati ukifungua ufunguo, maana rilei nayo inakufa.

Na kuna dalili moja ambayo ukiisikia acha hapo hapo, stata inazungusha haraka isivyo kawaida, nyepesi, kama injini haina mgandamizo. Usirudie kupiga. Hapo taimingi belti, ule mkanda unaozungusha kamshafti ya vali, inaweza kuwa imekatika.

Taimingi belti

Sitaki kuzunguka hapa. Inabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashi kuna taa ya T-BELT inayowaka zikifika. Ikikatika injini ikiwa inazunguka, vali zinagongana na pistoni, na hapo unaongelea hedi nzima. Shida ya gari tulizonunua zikiwa zimetumika ni kwamba kilomita kwenye dashi huwezi kuziamini, na ile taa mtu anaweza kuwa ameizima tu bila kubadilisha belti. Huna risiti wala kumbukumbu inayosema lini ilibadilishwa, badilisha, pamoja na beringi yake ya kukazia. Ukifungua kava angalia kama kuna oili imeingia ndani, sili ya kamshafti au ya krenki ikivuja oili inakula mpira wa belti, na belti mpya haitamaliza muda wake. Sili zibadilishwe siku hiyo hiyo, kazi ya kufika pale imeshafanyika tayari.

Inakosa nguvu, inatoa moshi

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kabla hujasema nozeli, fungua filta ya hewa. Na usiishie kuangalia filta, ingiza kidole ndani ya bomba linalotoka kwenye filta kwenda injini, pangusa, angalia kidole. Kikitoka na vumbi, filta haikai vizuri au bomba limechanika, na hilo vumbi limekuwa linaingia kwenye silinda na kusaga ringi muda wote huo. Hii ni mbaya kuliko filta chafu, mara mia. Injini nyingi za huku haziuliwi na kilomita, zinauliwa na vumbi la namna hii. Chini ya nyumba ya filta kuna kimpira cha kutolea vumbi, kama hakipo au kimekauka tafuta kingine. Filta ikipulizwa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, upepo mdogo, sio ule mkali wa kwenye gereji wa kujazia matairi unaotoboa karatasi.

Ila pia uelewe, injini isiyo na turbo ikipanda juu hewa inakuwa nyembamba, kwa hiyo kutoa moshi mweusi kiasi na kukosa nguvu unapopanda kutoka geti la Lodoare la Ngorongoro kwenda ukingoni umepakia watu saba na mizigo ni hali yake. Kosa kubwa ni dereva kurudi analalamika, fundi anakaza skrubu ya dizeli kwenye pampu ili "iamke". Inaamka kweli, moshi unaongezeka, joto la ndani linapanda, na hedi za 1HZ hazipendi joto, zinapasuka kwenye vile vyumba vya kuanzia moto. Acha skrubu ilivyowekwa na kiwanda.

Inakosa nguvu bila moshi mweusi, hapo ni dizeli haitoshi. Filta ya dizeli kwanza. Alafu chombo cha kutenganisha maji, fungua ile skrubu ya chini umwage mpaka itoke dizeli tupu, na taa yake ikiwaka kwenye dashi usiendelee na safari kwanza, maji yakifika kwenye pampu yanakwangua vyuma vya ndani. Kama gari inaenda vizuri saa nzima alafu inaanza kuzimika zimika, simama, fungua mfuniko wa tenki, ukisikia upepo unaingia "shhh" alafu gari ikapona, tundu la kupumulia la tenki limeziba na tope. Nimeona watu wakibadilisha nozeli kwa tatizo hili.

Na dizeli yenyewe. Toka EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, waanze kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010 uchakachuaji umepungua, ila huko ndani kabisa bado dizeli inauzwa kwenye madumu pembeni ya barabara na hujui imechanganywa na nini. Pampu hii inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi, kwa hiyo yanaiua polepole. Ikibidi ununue kwenye dumu, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa na yale ya chini kabisa usiyaweke tenkini.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka asubuhi tu ukiwasha alafu ukaisha, ni sili za vali, unaweza kuishi nao huku ukiangalia kipimo cha oili. Ukitoka muda wote na gari inakunywa oili, ni ringi, na hapo kweli ni kufungua.

Injini ikimisi kwa mpangilio, tafuta silinda iliyokufa. Ikiwa silensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, sikiliza, kaza, nenda ya pili. Ukilegeza na mlio ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na mlio ukabaki vile vile, umempata. Vaa miwani na weka mikono mbali, dizeli ile ina presha ya kupenya ngozi.

Inachemsha

Mshale ukipanda, simama, lakini usizime papo hapo kama maji bado yapo, acha iwe silensa dakika chache feni ivute joto. Kama maji yamemwagika yote, zima mara moja. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, na usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, hapo ndo hedi nyingi zinapopasukia, sio kwenye ule mlima uliochemshia.

Ikipoa anza nje. Kwenye majani marefu baada ya masika mbegu za nyasi zinajaa kwenye rejeta, zinashikana na vumbi na tope mpaka hewa haipiti, na kwa mbele huoni kitu maana zinakaa kati ya kondensa ya AC na rejeta. Piga tochi upande mmoja uangalie mwingine, mwanga usipopita ndo hapo. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ukipiga kutoka mbele unazishindilia. Ukiwa chini hapo toa na nyasi zilizojikunja kwenye sailensa, zinashika moto kweli, na gari zimeungua hivo.

Alafu fani belti, ziko mbili na zinabadilishwa zote pamoja hata kama moja inaonekana nzima. Alafu klachi ya feni, injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono, lazima iwe na ugumu fulani, ikizunguka kwa ulaini kabisa mafuta yake ya ndani yameisha. Dalili yake ni gari kuchemsha ikienda polepole kwenye mchanga au kwenye tope, alafu kwenye lami kwa spidi 80 inapoa, maana kwenye lami upepo unaingia wenyewe. Ikiwa kinyume, inapoa polepole na kuchemsha kwenye spidi, tazama rejeta imeziba ndani au maji hayazunguki.

Thamostati, ile vali inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata joto. Kuna tabia ya kuitoa na kuacha hivo, "nchi yetu ya joto haihitaji". Siikubali kabisa. Bila thamostati asubuhi injini inachukua muda mrefu kupata joto lake na ndo muda inasagika. Imekufa, weka nyingine. Na maji yawe na kulanti, maji ya kisima yana chumvi na maji ya mto yana udongo, miaka miwili tu ndani ya rejeta kunakuwa na ukoko.

Ukishamaliza vyote hivyo na bado, pima gasketi ya hedi. Injini ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa. Mapovu yakitoka mfululizo na hayaishi, au mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu ndani ya dakika moja wakati injini bado ya baridi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Fungua na mfuniko wa oili, ukikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena, vuta gari.

Staringi inatetemeka

Unaenda 70, unapiga shimo dogo, ghafla staringi inaanza kutetemeka mkono wa kushoto kulia mpaka unapunguza spidi karibu kusimama. Watu wanabadilisha shokapu ya staringi, inatulia wiki kadhaa, inarudi. Shokapu ile inaficha tu.

Piga jeki tairi la mbele liwe hewani, weka stendi. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, tikisa tena. Mchezo ukiisha, ni wili beringi. Mchezo ukibaki, ni beringi za kingipini kwenye lile boli kubwa la chuma nyuma ya tairi. Kipimo hiki hakina gharama na kinakupa jibu, sijui kwa nini hakifanywi kila gereji. Alafu shika tairi kushoto na kulia, likicheza hapo angalia tairodi. Na ile rodi ndefu iliyolala inayoshika ekseli kwenye chesisi, bushi zake zikilegea gari inatetemeka vile vile hata vingine vyote viwe vipya.

Wili beringi inafunguliwa na soketi ya milimita 54. Ukiona fundi anachukua patasi na nyundo kuzungusha ile nati, msimamishe, inaumia na haitakazwa kwa kipimo tena.

Ukiwa pale pangusa lile boli la chuma. Grisi nzito kidogo nje ni kawaida. Ikiwa ni oili nyembamba inatiririka mpaka ndani ya rimu, sili ya ndani ya ekseli imechoka, oili ya difu inahama inaingia kwenye boli, inayeyusha grisi ya sivi jointi, na difu ya mbele inabaki kavu. Nje unaona uchafu kidogo tu ila ndani vitu viwili vinakufa kwa pamoja. Sivi jointi iliyochoka inagonga "ka ka ka" ukikunja staringi mpaka mwisho ukiwa kwenye fowili.

Fowili haivuti, au haitoki

Umeweka H4 na gari bado inazungusha matairi ya nyuma tu, shuka uangalie habu za mbele ziko LOCK zote mbili. Ziko LOCK na bado, fungua habu, mara nyingi ni grisi iliyokauka ndani, isafishwe ipakwe nyepesi, sio kushindiliwa nyingi.

Livi ikikataa kurudi H2, usiivute kwa nguvu, rudi rivasi mita chache kwa mstari ulionyooka, itaachia. Hiyo inatokana na kutembea na fowili kwenye lami kavu, gari hizi hazina difu ya katikati, mbele na nyuma vinavutana mpaka kitu kivunjike. Ila usiache fowili miezi bila kuitumia, itembeze kama kilomita 16 kila mwezi kwenye vumbi, oili ya difu ya mbele ipande ilainishe.

Baada ya kuvuka maji

Difu ikiwa ya moto na ukaizamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inanyonya maji kupitia sili na bomba la kupumulia. Simama kabla ya mto ipoe kidogo, na hakikisha mabomba ya kupumulia yamevutwa juu na hayajaziba. Baada ya kuvuka mito mingi legeza bolti za chini za difu, maji yapo chini ya oili, yatatoka kwanza.

Mkonga nao ujaribiwe kabla ya masika. Gari ikiwa silensa, ziba mdomo wa mkonga kwa kibao bapa, sio kwa mkono wala kitambaa kinachoweza kuvutwa. Injini lazima izimike yenyewe. Isipozima inavuta hewa sehemu nyingine chini, na hapo hapo ndo maji yatakapoingilia. Injini ikizimika mtoni usipige stata, maji hayagandamiziki, yatapinda rodi. Vuta gari nje, chomoa hita plagi zote, zungusha injini maji yatoke, ndo uendelee.

Breki na klachi kwa ufupi

Pedali ya breki imekuwa ngumu ghafla na gari haisimami, vakyumu, ule mvuto wa hewa unaosaidia mguu, imepotea. Pampu ya vakyumu iko nyuma ya oltaneta na inalainishwa na oili ya injini, angalia mpira wake wa hewa na kama oili inavuja pale. Pedali laini inayozama ni hewa kwenye mfumo au masta silinda. Klachi ikizama angalia mafuta kwenye silinda ndogo pembeni ya gia boksi. Klachi ikislipu, unakanyaga mafuta mlio unapanda ila gari haiongezi, hapo gia boksi lazima ishushwe ndo uifikie klachi.

Propela na krosi zipigwe grisi kila ukitoka kwenye tope zito bila kusubiri servisi, na oili ya injini kila kilomita 5,000 kwa gari ya vumbi. Yubolti za springi za nyuma zikazwe, bolti ya katikati ikikatika ekseli inasogea na gari inaanza kutembea upande.

Kwenye gari beba filta ya dizeli, mita mbili za mpira wa dizeli na klipu, fani belti mbili, waya na testa, kulanti, ule mpira wa plastiki unaoona ndani, na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, maana kwenye udongo mweusi wa mbuga jeki bila ubao inazama yenyewe kabla gari haijanyanyuka.